Shukrani ya Punda

Ndugu msomaji, wahenga wetu walikuwa na ulimi mkali kuhusu wanyama. Walisema shukrani ya punda ni mateke. Walisema ukicheza na mbwa atakufuata msikitini. Paka naye hawakumsaza, kwani tunaambiwa akiondoka yeye panya hutawala, yaani hata sifa yake pekee ni kwamba anatisha wadogo zake. Sina ugomvi na wahenga. Walijua walichokisema, na punda anapiga mateke kweli, aliyewahi kusimama nyuma yake anajua. Lakini ipo zahanati moja duniani ambayo kwa zaidi ya miaka 100 imeishi kinyume cha methali hiyo. Imetibu punda, mbwa, paka, sungura na njiwa wa watu wasio na kitu. Historia yake inaanzia katika chumba cha chini ya ardhi kwenye mitaa ya walalahoi wa London, na, amini usiamini, tawi lake moja linafika mpaka Morogoro. Nivumilie, tutafika.

Tuanze mwaka 1917. Tafadhali usifikirie London ile ya kwenye kadi za posta, yenye saa kubwa na walinzi wa mfalme. Fikiria Whitechapel, upande wa mashariki wa jiji, karibu na bandari. Nyumba zimebanana, familia nzima inalala chumba kimoja, choo ni cha uani na cha majirani wote. Vita Kuu ya kwanza ina miaka mitatu, vijana wanakufa Ufaransa kila siku, na chakula kinapanda bei. Katika mitaa hiyo wanaishi makuli wa bandarini, washonaji, wahamiaji waliokimbia mateso kwao, na wachuuzi, wamachinga wa enzi hizo, ambao husukuma mikokoteni ya mboga, samaki na matunda. Yule aliyefanikiwa kidogo ana punda au farasi mdogo wa kuvuta mkokoteni wake.

Hapo ndipo pa kutazama. Kwa tajiri, mnyama ni pambo. Mbwa wa tajiri analala kwenye zulia na akifa ananunuliwa mwingine. Kwa maskini mambo ni tofauti kabisa. Punda wa mchuuzi ndiyo miguu yake na ndiyo duka lake. Punda akichechemea leo, kesho watoto hawali. Paka ndiye mlinzi wa unga usiliwe na panya. Mbwa ndiye kitasa cha mlango usio na kitasa. Kuku na sungura wa uani ndiyo benki. Na zaidi ya hayo yote, jamani, yupo bibi kizee asiye na mtoto wala mjukuu, ambaye kiumbe pekee kinachomngoja jioni ni paka. Huyo paka akiugua utasema ni mnyama tu?

Basi wakiugua walipelekwa wapi? Madaktari wa mifugo walikuwapo Uingereza, tena chuo chao cha kifalme cha kuwasajili kilipata hati mwaka 1844. Lakini udaktari huo ulijengwa juu ya mgongo wa farasi. Farasi ndiye aliyevuta mabasi, magari ya mizigo na mizinga ya jeshi, kwa hiyo farasi ndiye aliyelipiwa. Mbwa na paka hawakuwa na heshima hiyo, labda wawe wa mabwana wakubwa. Na vita vilipoanza, madaktari wengi walichukuliwa kwenda kutibu farasi wa jeshi. Kweli, ilikuwapo tangu mwaka 1906 hospitali moja ya hisani huko Victoria iliyotibu bure wanyama wa maskini, nayo ilifanya kazi kubwa. Lakini Victoria ni upande mwingine wa jiji. Mama wa Whitechapel mwenye paka mgonjwa kikapuni na mtoto mgongoni hana nauli ya kufika huko, wala hana siku ya kupoteza.

Katika hali hiyo akatokea mwanamke mmoja aitwaye Maria Dickin. Alizaliwa London mwaka 1870, binti wa mchungaji wa Kimethodisti, mkubwa katika watoto wanane. Alipokuwa kijana alifungua mahali pa kufundisha watu utoaji wa sauti, akajipatia riziki yake mwenyewe, jambo ambalo kwa mwanamke wa wakati ule halikuwa dogo. Mwaka 1899 aliolewa na binamu yake, mhasibu mwenye uwezo, akaacha kazi kama desturi ilivyotaka. Hakujaliwa watoto. Nyumba kubwa, watumishi, chai ya saa kumi, na moyo mtupu. Akaanza kufanya kama walivyofanya wake wengi wa aina yake, akawa anatembelea maskini wa mashariki ya London kuwapa misaada.

Wenzake waliona watu wenye njaa, na yeye aliwaona pia. Lakini aliona na kitu kingine, mbwa wenye upele mpaka nyama nyekundu inaonekana, paka wanaoburuta miguu iliyovunjika, punda wenye vidonda chini ya kamba. Aliandika baadaye kwamba hakuwa anajua kabisa kama mateso hayo yapo, na kwamba yalimnyima raha. Na aligundua jambo ambalo wengi waliopita njia hiyohiyo hawakuligundua, nalo ni kwamba wenye wanyama hao hawakuwa makatili. Walikuwa hawana fedha, basi. Mtu hawezi kuitwa katili kwa kutonunua dawa ambayo hawezi kuinunulia hata familia yake.

Tarehe 17 Novemba 1917 Maria akafungua zahanati katika chumba cha chini ya nyumba huko Whitechapel. Nje likawekwa tangazo la kuwaalika watu walete wanyama wao wagonjwa wa kila aina, matibabu ni bure. Jina la zahanati lilikuwa refu na wazi, tungeweza kuliita kwa Kiswahili Zahanati ya Umma ya Wanyama Wagonjwa wa Maskini. Watu wazima walikuwa wamemwambia kwamba hatapata mgonjwa. Eti maskini hawajali wanyama. Kumbe! Baada ya siku chache foleni ilikuwa ndefu hata ikabidi polisi waje kutuliza umati. Watu walikuja na mbwa mabegani, paka ndani ya vikapu, ndege ndani ya vizimba, na punda wakabaki barabarani kwa kuwa ngazi za kushukia chini haziwafai. Chumba hakikutosha, wakahamia mahali pakubwa zaidi.

Miaka michache baadaye akaona kwamba kuna watu hata foleni hawawezi kuifikia, basi zahanati iwafuate. Mwaka 1921 ukatengenezwa msafara wa kwanza, gari kama nyumba linalovutwa na farasi, ndani limejaa dawa na bandeji. Fikiria kichekesho hicho kizuri, farasi mzima anavuta zahanati kwenda kumtibu farasi mgonjwa. Baadaye magari ya mota yakachukua nafasi yake, na mwaka 1928 ikafunguliwa hospitali kubwa huko Ilford, nje kidogo ya London, ambayo pia ilifundisha wafanyakazi.

Hapa, ndugu msomaji, hadithi inaingia mchanga, na mimi sitaki kuupepeta kwa kumpendelea mtu. Wengi wa waliotibu katika zahanati za Maria hawakuwa madaktari waliosajiliwa. Walijifunzia kazini. Sheria ya mwaka 1881 ilikataza mtu asiyesajiliwa kujiita daktari wa wanyama, lakini haikumkataza kutibu. Zahanati ikapita katika mwanya huo, na madaktari wakakasirika. Walisema hawa ni waganga wa kubahatisha, watawaua wanyama kwa ujinga na watatuharibia kazi. Maria akajibu kwa kuuliza swali ambalo halikuwa rahisi, kwamba kama nyinyi mnajua zaidi, njooni basi mtibu maskini, nami nitafunga mlango.

Nani alikuwa na haki? Nimelifikiria sana jambo hili na jibu langu ni kwamba wote wawili. Dawa si mapenzi tu. Mtu anaweza kumpenda mnyama kwa moyo wote na akamwua kwa kipimo kibaya. Lakini pia elimu inayokaa mjini kwa wenye fedha na kuwacheka wanaojaribu uswahilini, elimu hiyo imejaa kiburi. Mvutano uliendelea miaka mingi. Mwaka 1948 sheria mpya ikafunga ule mwanya, kutibu kukawa kazi ya waliosajiliwa, na wale waliokuwa wamefanya kazi kwa miaka wakaruhusiwa kuendelea chini ya masharti. Taratibu zahanati ikawa na madaktari kamili. Yaani madaktari walishinda katika elimu, na Maria akashinda katika bei. Mgonjwa akapata vyote viwili. Natamani magomvi yote ya wakubwa yangeishia hivyo.

Turudi nyuma kidogo, tufike mwaka 1939, maana hapo pana jambo ambalo katika historia za Uingereza halisemwi sana. Mwezi Septemba vita vya pili vilipotangazwa, watu wa London walikuwa tayari wamesoma kijitabu kilichotolewa na kamati ya kushughulikia wanyama wakati wa mashambulizi ya ndege. Kiliwashauri wapeleke wanyama wao mashambani, na asiye na pa kuwapeleka, ni heri awaue kwa huruma. Hofu ikawaingia watu. Hakuna bomu hata moja lililokuwa limeanguka, lakini foleni zilezile zilizokuwa zikija kutibu zikaanza kuja kuua. Katika siku chache mamia ya maelfu ya mbwa na paka waliuawa. Wafanyakazi wa zahanati ya Maria, waliojifunza kuponya, walisimama mchana kutwa wakifanya kazi ambayo hakuna aliyeipenda, na uwanja wa hospitali ya Ilford ukageuka makaburi.

Nasimulia haya kwa sababu ni rahisi kuandika historia ya wema kama barabara iliyonyooka. Haikunyooka. Taasisi iliyoanzishwa kuokoa ilijikuta inaua kwa sababu serikali imeogopa na raia wameogopa. Wengi walijuta baadaye, mabomu yalipokawia mwaka mzima na nyumba zikawa kimya bila kwato wala mikia.

Mabomu yalikuja Septemba 1940, yakaanguka usiku baada ya usiku mpaka Mei 1941. Sasa zahanati ikaunda vikosi vya kufukua wanyama katika vifusi. Kwa hesabu ya shirika lenyewe, wanyama zaidi ya 250,000 waliokolewa au kutibiwa katika miaka ile ya vita. Msimamizi wa kikosi kimoja alikuwa na mbwa mdogo wa kike mwenye manyoya magumu, jina lake Beauty. Alikuwa anatembea naye kama sahibu tu, hakumfundisha chochote. Usiku mmoja Beauty akaanza kuchimba peke yake. Wanaume wakaja, wakachimba pamoja naye, wakamkuta paka hai chini ya meza. Tangu siku hiyo akawa mfanyakazi, na wanyama 63 walipatikana kwa pua na makucha yake.

Yupo na mwingine, aliyeitwa Rip. Huyu alikuwa mbwa koko halisi, wa aina ile ambayo mitaani kwetu watoto humrushia mawe bila sababu. Nyumba alikoishi ililipuliwa huko Poplar mwaka 1940, mlinzi mmoja wa mtaa akamtupia kipande cha chakula akidhani ataondoka. Hakuondoka. Alimfuata mlinzi kwenye vifusi, akawa ananusa na kukwangua, na watu zaidi ya 100 wakatolewa wakiwa hai kwa sababu yake. Soma tena, watu, si paka. Wale waliokuwa wakiuliza mwaka 1917 kwa nini kupoteza huruma kwa mbwa wakati binadamu wanakufa, jibu lao lilikuwa limelala chini ya matofali, likisubiri mbwa.

Mwaka 1943 Maria Dickin akaanzisha medali ya wanyama waliofanya ushujaa vitani. Ni ya shaba, imeandikwa maneno yenye maana ya Kwa Ushujaa, na chini yake Nasi Pia Twatumikia. Utepe wake una rangi tatu, kijani, kahawia na samawati, kwa ajili ya maji, ardhi na anga. Wa kwanza kuipata walikuwa njiwa watatu. Mmoja wao, Winkie, alikuwa ndani ya ndege ya kivita iliyoanguka bahari ya Kaskazini mwezi Februari 1942. Alijinasua akiwa amelowa mafuta, akaruka kiasi cha kilomita 190 mpaka kwa mwenyewe huko Scotland. Hakubeba barua, lakini kwa kukokotoa muda na upepo wakajua ndege ilipoangukia, na watu wanne wakaokolewa. Mpaka mwaka 1949 medali hiyo ilikuwa imetolewa mara 54, njiwa 32, mbwa 18, farasi 3 na paka 1.

Paka huyo mmoja aliitwa Simon. Alikuwa paka wa meli ya kivita ya Kiingereza iliyopigwa makombora katika mto Yangtze, China, mwezi Aprili 1949. Aliumia vibaya, lakini akiwa na majeraha yake aliendelea kuwinda panya waliokuwa wanamaliza chakula cha mabaharia waliokwama. Alikufa mwaka huohuo, akazikwa Ilford kwa heshima. Kwa hiyo weka akilini hili, paka alipata medali kwa kuua panya.

Maria mwenyewe alifariki mwezi Machi 1951. Zahanati haikufariki. Mpaka leo ina hospitali zaidi ya 40 nchini Uingereza, inaendeshwa kwa michango ya watu wa kawaida, na mlango wake bado ni kwa ajili ya wale wenye kipato kidogo. Medali pia ziliendelea, na kuanzia mwaka 2002 ikaanza kutolewa nyingine, ya dhahabu, kwa wanyama mashujaa wasio wa vitani.

Na sasa Morogoro, kama nilivyoahidi. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, tangu mwaka 2000, wapo watu wanaofundisha panya buku kunusa. Wanawafundisha kunusa kifua kikuu katika makohozi ya wagonjwa, na kunusa baruti za mabomu yaliyofukiwa ardhini. Mwezi Novemba 2013 alizaliwa hapo panya mmoja aliyepewa jina la Magawa. Mwaka 2016 alipelekwa Kambodia, nchi ambayo vita vyake vimekwisha lakini mabomu yake bado yanawakata miguu wakulima na watoto. Uzito wake ulikuwa kilo 1.2 tu, kwa hiyo alipita juu ya bomu bila kulilipua. Akilinusa, alikwangua udongo, akapewa kipande cha ndizi au karanga, basi, mshahara umelipwa. Kiwanja cha ukubwa wa uwanja wa tenisi alikimaliza kwa nusu saa, wakati mtu mwenye chombo cha kutafutia chuma angeweza kutumia siku nne.

Tarehe 25 Septemba 2020, ile zahanati ya Whitechapel ikamtunuku Magawa medali yake ya dhahabu. Alikuwa panya wa kwanza kuipata. Alistaafu mwaka 2021 akiwa amepata mabomu na milipuko zaidi ya 100, akafa Januari 2022. Paka alipewa nishani kwa kuua panya, na miaka 71 baadaye panya wetu wa Morogoro akapewa nishani na shirika lilelile kwa kuokoa watu. Dunia ina vituko, bwana. Mnyama yule tunayemwekea sumu gizani ndiye aliyepanda jukwaani.

Mtu atasema hayo ni ya Wazungu, sisi hatuna nafasi ya anasa hiyo. Aende Lamu akaone. Katika vichochoro vile ambamo gari haliingii, punda ndiye lori, ndiye teksi, ndiye mjenzi, kwani mawe na mchanga wa nyumba hupita mgongoni kwake. Mwaka 1987 shirika moja la hisani la punda lilifungua pale zahanati inayotibu bure. Mwenye punda wa Lamu na mchuuzi wa Whitechapel hawakujuana kamwe, lakini wangekaa pamoja wangeelewana bila mkalimani. Wote wanajua kwamba kidonda cha punda ni kidonda cha nyumba.

Hata hivyo, kijana mwenzangu, sipendi nikuache ukidhani kwamba wanyama wanastahili huruma kwa sababu watatulipa. Siku ile ya Novemba 1917 hapakuwa na medali, Rip hakuwa amezaliwa, wala hakuna aliyeota panya wa kunusa mabomu. Kulikuwa na chumba kidogo, dawa chache, na paka wa mtu asiye na kitu. Walioletwa pale kwa maelfu hawakuokoa mtu yeyote. Walipona wakarudi kulala jikoni, au walikufa bila maumivu mikononi mwa mtu aliyewajali, na historia haikuandika majina yao. Kwa ajili ya hao ndiyo zahanati ilifunguliwa. Akina Winkie na Magawa ni nyongeza.

Punda atapiga mateke. Mtibu hivyo hivyo, ila usisimame nyuma yake.